Kunywa mtori, nyama ziko chini: nimeambiwa nina saratani ya umio, nasubiri majibu ya CT

#1 Mwalimu wa Zamu
Jumanne, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi humu ni msomaji tu, nachangia mara moja moja kwenye mpira na siasa. Leo nimekuja na langu.

Nina miaka 49, mwalimu wa sekondari, naishi Arusha, nyumbani ni Rombo. Mwezi wa pili nyama ilinikwama kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Nikashushia soda, ikateremka, nikasahau. Mwezi wa nne ugali ukaanza kusimama hapa katikati ya kifua, kama mgeni aliyefika akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikawa nasukumia maji. Duka la dawa wakanipa dawa za vidonda vya tumbo, nimezimeza miezi miwili. Kufika mwezi wa saba naweza uji na supu tu, na mkanda wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Wiki tatu zilizopita nikaenda hospitali ya rufaa, wakaniingiza kamera kooni. Daktari kijana, mpole. Alipomaliza alivua glavu, akavuta kiti, akakaa. Nimefundisha miaka 22, nimeita wazazi wengi ofisini, najua maana ya mtu kuvuta kiti kabla hajasema. Kuna uvimbe, akasema, unaanzia sentimita 27 mpaka 32 ukipima kutoka kwenye meno ya mbele. Amekata vinyama sita, vinaenda maabara. Majibu nimepewa leo: saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, aina ya skwamasi (inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio), gredi 2. CT, zile picha za mashine, ya kifua na tumbo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Hiyo ndiyo itasema kama imetulia pale pale au imeshatembea.

Siombi tiba. Naomba aliyepita hapa aniambie, hizi siku tisa watu huwa wanazifanyaje? Usingizi hamna. Jana nasahihisha mtihani wa kidato cha pili, mtoto kaandika jibu sahihi kabisa, nikampa kosa. Nyumbani anajua mama watoto peke yake. Mama yangu mzazi ana miaka 78, yuko kijijini, sijamwambia, na kuna sababu. Nitaieleza nikipata nguvu.

#2 Kapteni Njiapanda
Pole sana mkuu. Ngoja waje wenye uzoefu. Na yule mtoto mrudishie maksi zake.

#3 Kiburu cha Jana
Nafuatilia. Pole sana mwalimu, Mungu akutie nguvu.

#4 Bwana Slaidi
Jumanne, saa 4:52 usiku

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya patholojia, vinyama kama vyako ndiyo kazi yangu kila siku. Kuna kitu nataka nikirekebishe mapema kabla hakijakutesa. Umeandika gredi 2. Isije ikawa unalala ukijua upo hatua ya pili. Gredi siyo hatua. Gredi ni sura ya seli zenyewe chini ya hadubini, zimeharibika kiasi gani zikilinganishwa na seli za kawaida. Hatua ni ugonjwa umefika wapi mwilini, na hiyo haimo kwenye kinyama, ndiyo maana unapelekwa CT. Nimeona watu wakishangilia gredi 1 na wengine wakilia kwa gredi 3, wote hatua zao bado hazijulikani.

Halafu najua watu hulalamika kwamba majibu yanachelewa. Kile kinyama ni kidogo kama punje ya mchele. Kinalowekwa kwenye fomalini kwanza kikazike, kinanyonywa maji kwa spiriti, kinazamishwa kwenye nta ya moto, kikipoa kinakuwa kimenasa ndani ya kibonge cha nta. Kibonge hicho tunakikata vipande vyembamba, unene wa sehemu tatu au nne za milimita iliyogawanywa mara elfu, tunavielea juu ya maji ya vuguvugu, tunavinasa kwenye kioo, tunavipaka rangi ya zambarau na waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia anakaa kusoma. Ukiona wiki mbili, si kila mara kuna mtu amelala.

Faida yako: kibonge kile kinatunzwa. Ukipelekwa hospitali nyingine wakitaka kusoma wenyewe, omba kibonge na vioo viazimwe. Siyo lazima uingizwe tena kamera.

#5 Mwalimu wa Zamu
Marahaba. Kumbe. Nilikuwa nimeshamwambia mama watoto "hatua ya pili, siyo mbaya sana". Sasa nimrudie nimwambie sijui.

#6 Bwana Slaidi
Mwambie hivyo hivyo, mwalimu. Hujui, na hata daktari bado hajui.

#7 Tabibu Asilia
Mkuu usikubali kuchomwa mionzi itakumaliza. Ninayo dawa ya mizizi, siku 21 uvimbe unayeyuka wenyewe, wengi wametoa ushuhuda. Njoo inboksi. Mikoani natuma kwa basi.

#8 Mjane wa Tanga
Jumanne, saa 5:30 usiku

Wewe Tabibu, toka kwenye uzi wa watu.

Mwalimu, mume wangu alikunywa ya hivyo hivyo. Laki nne, chupa tatu za lita. Ya kwanza ilimwasha, tukaambiwa ndiyo inafanya kazi. Ya tatu alikuwa anaitema na damu. Wiki sita zilipita hatujarudi hospitali kwa sababu tulikuwa "tunamaliza dozi". Sitakuficha, mume wangu hayupo tena. Sisemi dawa ile ndiyo iliyomuua, ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa. Ila zile wiki sita hadi leo nazihesabu.

#9 Kapteni Njiapanda
Nimemripoti kwa wasimamizi. Asanteni dada kwa kusema wazi.

#10 Tumbo Fupi
Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Mwalimu, mimi nimepita hapo. Operesheni yangu ilikuwa 2017. Umio ulitolewa, tumbo likavutwa juu likaunganishwa na kipande cha umio kilichobaki karibu na shingo. Ndiyo asili ya jina langu humu. Nakula sahani ya mtoto, mara sita kwa siku, nalala nimeinuliwa kichwani kama mfalme. Lakini naandika, unaona.

Umeuliza siku tisa watu wanazifanyaje. Wengi wanazikaa. Nilizikaa na mimi, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko sigara. Nilikuwa na kilo 71 naanza kusubiri vipimo, nikafika kwa daktari wa upasuaji na 57. Alinishika mkono hapa juu, akaubana kwa vidole viwili vikakutana, akaniambia: nikikupasua leo hunyanyuki. Nikarudishwa na mpira wa puani nilishwe wiki nne kwanza. Uvimbe ulikuwa unaweza kutolewa, mgonjwa ndiye hakuwa tayari.

Kwa hiyo usiulize CT itasema nini. Uliza CT itakukuta na kilo ngapi. Iwe upasuaji, iwe mionzi na kemo (dawa kali za saratani), iwe kuwekewa stenti tu, kibomba cha kuuacha umio wazi, ili umeze, kila tiba itakutaka uwe na mwili. Tafuta mzani leo, andika namba, jipime kila Jumatano asubuhi baada ya haja ndogo kabla hujanywa kitu.

Chakula: chai ya rangi na supu nyepesi zinajaza tumbo na kukuacha mtupu. Kila kinachopita kooni kiwe kizito kwa nguvu, chepesi kwa mwendo. Maziwa mazima, parachichi lililosagwa, siagi ya karanga iliyo laini kabisa ndani ya uji, yai bichi hapana ila yai lililopikwa likasagwa ndani ya mchuzi ndiyo. Mafuta ongeza kijiko. Kidogo kidogo, kila saa mbili mbili na nusu, hata kama huna njaa, weka kengele ya simu kama dozi. Kula umekaa wima, kaa hivyo nusu saa baadaye. Kitanda kiinue upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu, mito hukunja tumbo tu.

Na wewe ni Mchaga, una chakula chako tayari. Mtori! Ndizi mshare na nyama, vyote blenda, kisha chujio, kisha siagi. Tunasema kunywa mtori nyama ziko chini. Kwako nyama zisiwe chini, ziwe zimesagika zote, zikikwama utajuta.

#11 Kiburu cha Jana
Haha "kama mfalme". Ubarikiwe mkuu.

#12 Mwalimu wa Zamu
Jumatano, saa 3:05 usiku

Nimeusoma huu ujumbe mara nne. Nimejipima kwenye mzani wa duka la dawa, kilo 58.2. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa 70. Mama watoto ametoka saa kumi kwenda sokoni, kakosa mshare kapata ndizi bukoba, amesema atajaribu. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi. Nimenywa mabakuli mawili madogo, mwanangu wa mwisho ananiuliza baba umejifungua nini.

Sasa sababu ya mama.

Usiku wa kwanza nilikesha kwenye simu. Nikakuta kwamba mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka vinywaji vinavyonyweka vya moto kuzidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani hii. Nikakuta na watafiti waliopita kwetu Kilimanjaro na vipimajoto, wakakuta watu kwa wastani wanapiga funda la kwanza la chai likiwa limezidi nyuzi 70.

Wakuu, mama yangu anatoa birika kwenye mafiga linachemka na kumimina. Ukipuliza anakuambia wewe ni mtoto wa mjini. Chai isiyounguza kwake ni maji machafu. Nimekunywa chai ile tangu nina miaka mitatu, minne, asubuhi na jioni, kwenye jiko lisilo na bomba la moshi. Nikimwambia nina saratani ya koo, kuna mtu atamwambia imetokana na nini. Kanisani wana semina za afya siku hizi. Nikiwaza atakavyokaa pale jikoni akiangalia lile birika, naona bora afe hajui.

#13 Mtoto wa Bomet
Jumatano, saa 4:00 usiku

Mwalimu, pole sana, nakuandikia kutoka Kenya. Kwetu Bomet huu ugonjwa tunaujua kama tunavyoijua malaria. Kila boma lina mtu. Kwetu wanalaumu chai, wengine mursik (maziwa yetu ya mgando), wengine moshi wa jikoni, wengine pombe, wengine meno mabovu. Ukanda wenyewe unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, na wanasayansi bado wanabishana kwa nini unatukamata sisi, hata vijana wa miaka 30 wasiovuta wala kunywa. Baba yangu alikunywa chai moto maisha yake yote, ana miaka 84, anachunga ng'ombe. Mama alikunywa birika lile lile, yeye ndiye aliyeugua.

Kwa hivyo hakuna daktari anayeweza kukuonyesha kidole akasema hii ni ya chai ya mama yako. Wewe mwenyewe, hukuwahi kuvuta? Hukuwahi kunywa kali?

Mama alitiwa stenti hospitali ya Tenwek. Ni kama bomba la waya laini, linaingia limefungwa, linafunguka ndani. Alfajiri kuingia, jioni akanywa uji, kesho yake akala wali uliopondwa. Haikuwa tiba ya kuondoa, tulielezwa wazi. Lakini alikula Krismasi na sisi.

#14 Mwalimu wa Zamu
Nimevuta miaka 15, nikaacha mtoto wa kwanza alipoanza kuugua pumu. Mbege na kali, tusiulizane. Umenishika.

#15 Mjane wa Tanga
Mwalimu, mwambie mama. Mume wangu alimficha mama yake miezi minne. Yule bibi alikuja kuambiwa na mtu wa daladala. Kilichomuuma hakikuwa ugonjwa.

#16 Nesi wa Usiku
Alhamisi, saa 9:20 usiku (ndiyo, tupo zamu)

Nimesoma uzi wote kati ya wagonjwa wawili. Tumbo Fupi ameeleza vizuri, nyongeza yangu ni ya CT na ya dharura.

CT: kuna dawa ya rangi inapita kwenye mshipa, kwa hiyo watataka kipimo cha figo kwanza, kreatinini. Kifanye mapema wiki hii usije ukafika Alhamisi ukarudishwa kwa ajili ya karatasi moja. Kama una kisukari na unatumia metformini sema, kama uliwahi kuvimba au kubanwa kifua kwa dawa yoyote sema. Wakitaka unywe maji mengi au dawa ya kunywa, waambie mapema kwamba koo lako linapitisha polepole. Ile rangi ikiingia utahisi joto limepanda kifuani na kushuka mpaka chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Wagonjwa wote hushtuka hapo, ndiyo maana nakutajia.

Vidonge: usivisage kienyeji. Vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu, ukivisaga dozi nzima inaingia kwa mara moja. Omba ya maji.

Na kusubiri tarehe kuna mpaka wake. Ukifika mahali hata maji au mate hayapiti, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, ukianza kukohoa kila unapokunywa kitu, au homa na kifua, hiyo si ya kusubiri Alhamisi wala kuja kuuliza humu. Nenda usiku huo huo. Hasa kikohozi cha kunywa, watu hukidharau sana, kumbe inawezekana umio na njia ya hewa vimetobokeana.

Usingizi: mwambie daktari. Ni shida inayotibika kama nyingine, hutapewa medali kwa kukesha.

#17 Mwalimu wa Zamu
Asante sana sista. Figo nimepima leo, 'iko sawa' wamesema. Na maksi za yule mtoto nimemrudishia, alikuwa na 61 sasa ana 65.

#18 Kapteni Njiapanda
Haki imetendeka.

#19 Mwanachuo Mkongwe
Jumapili, saa 1:15 usiku

Mimi nasubiri ya baba yangu, kamera amefanyiwa Ijumaa. Naomba kuuliza, hizi asilimia za kuishi miaka mitano zilizopo mtandaoni mnazichukuliaje? Nimezisoma nikafunga simu nikaenda kukaa bafuni.

#20 Tumbo Fupi
Kijana, pole. Asilimia zile zimechanganya hatua zote, wazee wa miaka 90 na vijana, waliotibiwa na wasiotibiwa. Isitoshe kurasa nyingi ni za Ulaya na Marekani, ambako saratani ya umio sana sana ni ile ya chini karibu na tumbo, inayotokana na kiungulia cha miaka mingi na unene. Ya kwetu kwa wingi ni skwamasi, inakaa katikati. Ni magonjwa mawili yaliyopanga nyumba moja. Unasoma habari za mpangaji mwingine.

Sikuambii ni ugonjwa mwepesi. Ni mbaya. Nilikuwa wodini na wenzangu watano, tuliobaki ni wawili. Lakini namba ya baba yako haijaandikwa popote bado. Anakula nini?

#21 Mwanachuo Mkongwe
Chai na mkate anaochovya.

#22 Tumbo Fupi
Basi anza hapo. Rudi juu soma #10.

#23 Mwalimu wa Zamu
Alhamisi, saa 11:30 jioni

Nimetoka CT. Sista wa Usiku, ile rangi! Hata baada ya kuambiwa, nilishika suruali. Fundi wa mashine akacheka, akasema baba tulia, hakuna mvua.

Uzito jana Jumatano: 58.6. Mama watoto ameandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, chini ya gesi na ada.

Picha zimepigwa, taarifa ya daktari anayezisoma inatoka Jumamosi. Kliniki ni Jumatano.

#24 Mwalimu wa Zamu
Jumamosi, saa 8:45 mchana

Wakuu nina bahasha. Ya kaki, imebanwa pini mbili, ipo mbele yangu juu ya meza. Daktari ni Jumatano. Niifungue?

#25 Kiburu cha Jana
Fungua mkuu. Ni mwili wako.

#26 Bwana Slaidi
Mwalimu, ni haki yako, hakuna sheria inayokukataza. Ila mimi nafanya kazi humo humo na ya mama yangu sikuifungua. Taarifa inaandikwa na daktari kwa ajili ya daktari. Utakuta "tezi zenye ukubwa wa kutiliwa shaka". Tezi inaweza kuvimba kwa saratani, inaweza kuvimba kwa uvimbe tu wa kawaida au TB ya zamani. Utakuta kidoa kwenye ini, watu wengi wazima wana vifuko vya maji kwenye ini, wanaishi navyo mpaka wanazikwa navyo. Siku nne utakuwa umekaa na kidoa kile peke yako.

#27 Mjane wa Tanga
Sisi tulifungua ndani ya gari. Tulisoma neno moja tu tulilolijua, "metastasis", yaani kusambaa, tukashindwa kuendesha. Kumbe ilikuwa imeandikwa "no lung metastasis", haijasambaa kwenye mapafu. Tulikuja kuelewa Jumatatu.

#28 Mwalimu wa Zamu
Jumamosi, saa 3:00 usiku

Nilitoka kwenda kununua vocha. Kurudi bahasha haipo. Mama watoto anasonga ugali wa watoto, hata hanitazami. Nimetafuta juu ya kabati, chini ya godoro, kwenye Biblia. Mwishoni nimeiona kona yake: ameizika kwenye ndoo ya unga wa sembe. Nimefunika ndoo nikarudi sebuleni. Hajui kuwa najua.

#29 Kapteni Njiapanda
Huyo mke usimwache.

#30 Mwalimu wa Zamu
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Mama amekuja.

Sikumwambia. Nilikuwa nimepanga nimpigie leo. Ila mama watoto alimpigia dada yangu kuulizia mshare wa kweli, dada akamwambia shangazi, na shangazi yangu ni redio isiyotaka betri. Jana saa nane mchana nasikia bajaji inalia nje, mama anashuka na mkungu mzima na kidumu cha maziwa, kutoka Rombo, peke yake, na goti lile.

Hakuniuliza chochote. Alinisalimia kwa Kirombo kama kawaida, akanishika taya akaligeuza kwenye mwanga kama anavyoangalia ndama, akaingia jikoni. Mtori alioupika una tofauti na huu wa kwetu, anauponda kwa mwiko mpaka unakuwa kama krimu, blenda hajaigusa. Nyama alikuwa ameitwanga kabisa kwenye kinu alipotoka, akaileta imefungwa kwenye jani la mgomba ndani ya nailoni.

Jioni mama watoto akamimina chai. Nikaona anasita, akanipa mimi yangu, mama akampa yake. Nikainua kikombe. Mama akaweka kiganja chake juu ya kikombe changu, na kiganja kile kina ngozi ngumu hakisikii moto.

"Ngoja ipoe."

Basi tukakaa. Yake pia hakuigusa. Tumekaa watu watatu tunaangalia vikombe vitatu vinatoa mvuke, hakuna anayesema, mpaka taarifa ya habari ikaisha. Kwa hiyo kuna mtu alishamwambia. Tulikunywa ikiwa vuguvugu, akasema ni mbaya, akanywa yote.

#31 Mtoto wa Bomet
Mwalimu, nimeisoma nikiwa matatu. Watu wananiangalia.

#32 Nesi wa Usiku
Mpe shikamoo yangu bibi. Aendelee kuponda.

#33 Mwalimu wa Zamu
Jumatano, saa 10:15 jioni

Wakuu, nimerudi kutoka kliniki. Asubuhi mama watoto alichimba bahasha kwenye unga mbele yangu, akaikung'uta, akasema "najua uliiona, ndoo ulifunika vibaya". Daktari alipoifungua, unga ulimwagika mezani kwake. Akauliza hii nini, mama akamjibu ni sembe.

Kwa kifupi: uvimbe umeshapita kwenye ukuta wa umio, tezi mbili za jirani zimevimba na wanazihesabu kuwa zimeguswa. Mapafu safi. Ini safi, kuna kifuko kimoja cha maji, Bwana Slaidi umeona mbali. Kwa sasa wanaiita hatua ya tatu. Ijumaa jopo linakaa, daktari wa upasuaji, wa mionzi na wa kemo pamoja. Anavyoona yeye wataanza na mionzi na kemo kwa pamoja wiki tano hivi, kisha wapime tena waone kama upasuaji unawezekana. Hajaniahidi kitu. Nilimuuliza moja kwa moja, akanijibu moja kwa moja, hayo nitabaki nayo mimi na wa nyumbani.

Uzito 59.3. Muuguzi alinipandisha mara mbili akidhani mzani umekosea. Akauliza ninakula nini, nikamwonyesha mama amekaa kwenye benchi.

Leo nalala.

#34 Tumbo Fupi
59.3!!! Lala mwalimu. Ukianza mionzi koo litawaka kuanzia wiki ya pili ya tatu, usije ukaacha kula, tutaongea kabla.

#35 Mwanachuo Mkongwe
Mwalimu hongera na pole kwa pamoja. Baba kinyama chake kimetoka leo, ni hiyo hiyo. CT ni baada ya siku kumi na mbili. Mshare nimepata. Naomba kuuliza, mtori mnauchuja kwa chujio gani? La chai linaziba.

#36 Mwalimu wa Zamu
Jumatano, saa 3:40 usiku

Nimekosa usingizi wa kwanza, ngoja nikujibu. Pole sana kijana wangu.

La chai achana nalo, matundu madogo mno, kinachopita ni maji na nguvu yote inabaki juu. Nenda sokoni kaulizie chujio la kuchujia tui, lile la plastiki pana. Mimina mtori ukiwa bado na joto, sukuma kwa mgongo wa kijiko, usikoroge. Kinachobaki juu kirudishe kwenye kinu mara moja, kisha chuja tena. Ukiwa mzito sana ongeza maziwa, siyo maji. Mama anasema siagi iingie mwisho, moto umeshazimwa. Halafu mpe baba akiwa amekaa, na weka kidole kwanza upande wa nje wa bakuli. Kama kidole kinakimbia, subiri.

Mpime leo hii uandike. Ana kilo ngapi?